Nyumba ya Kushoto mwa Lango

Lemein alinipigia simu kwa sauti ya mtu anayeagiza keki. Alitaka nimtengenezee boma la baba la Oltepesi, dogo, juu ya ubao, liwekwe mezani siku ya ukumbusho wake ili wajukuu waone mzee aliishi vipi. Ua wa miiba uzunguke, zizi liwe katikati, nyumba ya mama yake iwe kulia mwa lango. Upande wa kushoto niweke ndama.

Nikamuuliza nyumba ya mama yangu niiweke wapi.

"Hiyo si ilianguka kitambo," akasema. "Soipan, please, usituletee mambo."

Kazi yangu ni vitu vya nyumba za wanasesere. Niko na kibanda hapa Kitengela, na humo utapata sufuria inayoenea kwenye ukucha, makochi na vitambaa vyake, meko ya gesi, hata tangi la maji. Natumia udongo wa paketi, ule mweupe unaokauka wenyewe kwa hewa bila kuchomwa. Watu hunicheka kwamba mwanamke mzima anacheza na vidoli, na wakishamaliza kucheka wananunua. Kwa hiyo kuambiwa niweke ndama mahali nilipozaliwa kulinikera mara mbili, kama mtoto wa pale na kama fundi.

Lemein ni ndugu yangu kwa baba, mtoto wa Eunice, mke wa kwanza. Mama yangu, Margaret, ni wa pili. Kwetu mke wa kwanza hujenga kulia mwa lango na wa pili kushoto, na kila mmoja hujenga kwa mikono yake, kuanzia fito hadi mavi ya ng'ombe ya kukandika ukuta. Mama alijenga. Baadaye akashuka Kitengela kuuza maziwa ili tusome, mvua ikapiga, hakuna aliyekandika, nyumba ikalala chini. Sasa baba hayupo, na watoto wa Eunice wameanza kumwita "yule mama wa Kitengela", kana kwamba baba alikutana naye stendi. Ubao ule ukikaa mezani bila nyumba yake, mbele ya ukoo mzima na kanisa, basi mama yangu hakuwahi kuolewa. Wajukuu watakua wakijua hivyo. Nilimwambia Lemein sawa, nikakata simu, na moyoni nilikuwa nimekataa kabisa.

Aliyenikasirisha zaidi ni mama mwenyewe. Aliposikia alisema niwawekee ndama wao, yeye amechoka na mambo ya Oltepesi. Nikamwambia mimi sijachoka. Yeye akaendelea kuchambua maharagwe.

Nilianza na ua, kwa miiba ya kweli niliyoichuma nyuma ya kanisa. Nyumba ya Eunice niliijenga vizuri, maana sina ugomvi naye, nikaifunika kitambaa chenye majimaji ikauke polepole kama inavyotakiwa. Ya mama niliijenga kwa hasira. Sikuwa na subira ya vitambaa, nikaiweka dirishani ipigwe na upepo wa Kitengela, na kufikia mchana ilikuwa imepasuka kutoka paani hadi mlangoni.

Nikachota udongo mbichi nikaanza kuziba. Ukabanduka. Nikaziba tena, ukabanduka tena. Mama alikuwa ananitazama juu ya ungo wake, na niliona uso wake ukikunjamana. Kwa wanawake wa rika lake, nyumba yenye nyufa si kasoro ya nyumba, ni aibu ya mwenye nyumba. Majirani wakiiona wanasema huyu ni mvivu, watoto wake wananyeshewa usiku. Nilipochota udongo mara ya tatu, aliweka ungo chini.

"Lete hapa," akasema. "Hiyo ni nyumba yangu unaharibu."

Aliukwaruza ufa kwa kijiti, akaulowesha kwa kidole, ndipo akausukumia udongo laini kama uji. Alisema nilikuwa nabandika kibichi juu ya kikavu, kingeshika vipi. Kisha akauona mlango, na hapo alikasirika kweli. Nilikuwa nimeuweka unyooke, mtu aingie moja kwa moja kama dukani. Mlango wake ulikuwa na kona, mgeni alizunguka kidogo kabla ya kuona moto. Akaubomoa, akaujenga upya. Akatoa paa, akaweka mawe matatu ya meko na kitanda kikubwa cha fito alicholalia baba, akafunika tena, ingawa hakuna mtu angeviona. Habari ya kuchoka haikutajwa tena. Nilikuwa na furaha, lakini sikumwonyesha, asije akaacha.

Siku ya ukumbusho Oltepesi ilijaa. Eunice aliketishwa mbele, kwenye kiti kilichofungwa kitambaa cheupe, kiti cha mjane. Mama alionyeshwa viti vya nyuma, pamoja na wageni wa mjini. Niliweka ubao mezani na kuufunua, watu wakasogea, watoto wakaanza kuhesabu ng'ombe.

Lemein alikuja na maikrofoni yake. Akaona nyumba mbili. Aliwatabasamia wageni, akasema fundi alikosea kidogo, akaishika nyumba ya mama kwa vidole viwili na kuivuta hadi gundi ikaachia. Akaiweka chini ya meza.

Nilisimama, lakini mama alikuwa ameshafika katikati ya viti, anatembea bila haraka, na watu wanampisha. Maikrofoni hakuiomba.

"Lemein, baba yako alikuwa na nyumba gani hapa?"

Lemein akaonyesha ile ya kulia.

"Hiyo ni ya mama yako. Alijenga yeye," mama akasema. "Kwetu mwanaume hana nyumba, analala kwa wake zake. Sasa yangu umeweka chini ya meza. Zile siku hakuwa kwa mama yako, alikuwa analala wapi? Kwa ndama?"

Mzee Leshan, wa rika la baba, ndiye aliyecheka kwanza. Wazee wengine wakafuata, kisha wanawake wote, na kicheko cha wanawake ndicho kilichommaliza Lemein. Alijaribu kusema kwamba hapa si mahali pa mazungumzo hayo. Ndipo Eunice akamwita kwa jina.

"Rudisha nyumba ya watu," akamwambia. "Tulikandika na yeye, hiyo na yangu. Wewe ulikuwa kwa mgongo yangu unalia."

Lemein aliinama, akaitoa chini ya meza, akaiweka nyuma ya nyumba ya mama yake, pembeni, mahali pa kuku. Mama hakusogea.

"Kushoto," akasema.

Akaihamisha. Kona moja ya paa ilikuwa imemeguka na nilitaka kwenda kuitengeneza, lakini mama alinitazama nikakaa. Yeye hakurudi nyuma. Alichukua kiti cha plastiki kwenye safu ya wachungaji, akakiburuta hadi kando ya Eunice, akaketi na kunyoosha shuka lake. Mpiga picha alipokuja kumwomba asogee kidogo ili mjane aonekane vizuri, mama alimwambia wajane ni wawili, asogeze kamera.