Swali Lisilochorwa

Siku aliyoota ndoto ile, Gwakisa alikuwa amegombana na mtu kabla ya chakula cha mchana. Ushirika wa maziwa ulikuwa umemwajiri achore mtiririko wa kazi kwa visanduku na mishale: nani anafanya nini, kisha nini kinafuata, na uamuzi gani unakatwa wapi. Alikuwa kijana msomi, hodari wa kuchora, mwenye kiburi cha kutosha ofisi nzima. Siku tatu alijifungia ukumbini na wakuu wa idara, wakala sambusa na kumsimulia kazi ambazo wenyewe hawajazigusa kwa miaka kumi, naye akachora kila walichosema. Jukwaani, pale wafugaji wanapoleta madumu yao, hakukanyaga hata mara moja. Mchoro ukatoka safi: maziwa yanafika, mashine mpya inayapima, ikiwaka kijani yanaingia tangini, ikiwaka nyekundu yanakataliwa. Saa kumi alasiri meneja angeusaini, na ambaye hakuwa na kisanduku chake humo asingekuwa na kazi tena.

Aliyegombana naye alikuwa Subilaga, mpokeaji maziwa kwa miaka kumi na tisa. Alipanda ofisini na mabuti yake yaliyoloa.

“Nasikia mashine itakaa peke yake,” alisema. “Mimi umeniweka wapi, baba?”

“Mama, wewe pale unasimama tu. Mashine ndiyo inayoamua.”

“Sisimami tu. Mimi nawauliza wafugaji.”

“Maongezi siyo hatua ya kazi,” Gwakisa akamkata. “Kama hupo kwenye mchoro, ujue hakuna unachofanya.”

Subilaga alimtazama kama anavyotazama dumu lenye nzi, akashuka ngazi bila kuaga. Gwakisa akala ugali wake bila hamu, akarudi mezani, akalaza kichwa juu ya mchoro ule ule. Ilikuwa saa nane kasoro, jua limewaka dirishani, na usingizi ukambeba.

Akajiona amesimama katika nchi nyeupe isiyo na majani wala vumbi, ambayo barabara zake zote zilikuwa zimenyooka na nyumba zake zote zilikuwa visanduku vyenye mlango wa kuingilia upande mmoja na wa kutokea upande wa pili. Watu walipita ndani yake kimyakimya, kila mmoja akijibu jambo moja tu na kusukumwa mbele. Bibi mmoja mrefu, mwenye nguo iliyopigwa pasi hadi ikakata jicho, akamshika mkono. Jina lake Unadhifu, naye ndiye aliyekuwa malkia wa nchi ile. “Tembea katikati ya mstari, mgeni wangu,” alimwambia kwa sauti ya upole. “Kilichopinda tunakinyoosha, na kisichokubali kunyooka hatukioni. Ukitamani kusimama na kutazama, inamisha macho upite. Hapa hakuna anayelia, kwa sababu hatukumwekea mtu mahali pa kulilia.” Gwakisa alifurahi kupita kiasi. Aliitambua mistari yake mwenyewe, akavimba kichwa, akasahau kujiuliza kwa nini wapita njia wote walikuwa wakimtazama kwa chuki.

Wakafika njia panda. Pale alisimama Haraka, jitu jembamba lenye filimbi mdomoni, likifoka, “Ndiyo au Hapana! Upesi!” Barabara ya Ndiyo ilikuwa pana, ikiteremka hadi kwenye tangi kubwa kama mlima. Ya Hapana ilikwenda hatua kumi, kisha rangi ikaisha na barabara ikaisha nayo. Kwenye ukingo huo walikuwa wamebanana mamia ya watu wenye madumu vichwani, shingo zikitetemeka, maana hakuna mahali palipochorwa pa kutua mzigo.

“Wewe ndiye uliyetuchora?” mmoja akauliza.

“Nilichora hadi pale nilipoambiwa,” Gwakisa akajitetea.

“Sasa sisi twende wapi?”

Wakaanza kumzomea na kumsogelea, na yeye akarudi nyuma hadi akatoka nje ya mstari. Huko, juu ya udongo mtupu, alikuta mwanamke mfupi akisugua madumu, mikono imeloa hadi viwikoni. “Usimtazame,” Unadhifu akasema, na upole ukamtoka. “Huyo ni Swali. Tulimfukuza kwa kuwa hakuenea kwenye kisanduku.”

Swali hakuinua macho. “Subilaga anawauliza nini?”

“Anawauliza... habari za nyumbani, labda.”

“Labda! Umemtoa mtu kazini, hata alichokuwa akisema hukijui. Haya, geuka uwaone wanaokunywa.”

Akageuka. Mwisho wa barabara ya Ndiyo watoto walikuwa wamepanga foleni na vikombe vyao, na bomba la tangi lilikuwa wazi. Gwakisa akaona kwamba katika nchi nzima hakuna hata mmoja awezaye kumwambia maziwa yale yana nini. Kila kisanduku kilikuwa kimejibu sawasawa kile kilichoulizwa. Akapiga kelele wasinywe. Haraka akapuliza filimbi masikioni mwake: “Umechora mwenyewe, pita nao!”

Akazinduka jasho likimtiririka. Saa kumi na robo. Mezani hapakuwa na mchoro.

“Meneja alikuja akakukuta umelala,” katibu muhtasi akamwambia. “Ameshasaini.”

Gwakisa alishuka ngazi mbio. Subilaga alikuwa akitia mabuti yake katika mfuko wa plastiki.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Aliitikia kwa sababu salamu huitikiwa.

“Ulikuwa unawauliza nini?”

“Kama kuna ng'ombe aliyechomwa sindano. Dawa inatoka na maziwa siku kadhaa, na hiyo mashine yako haiioni. Wakiniambia, nawarudishia dumu limefunikwa, jirani asijue, wanakwenda kumwaga kwao.”

“Ni hilo tu?”

“Ni hilo tu,” alisema, akaenda zake.

Gwakisa akashusha pumzi. Kumbe ni kisanduku kimoja! Akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza, kalamu mkononi, akamsimamisha mfugaji wa mbele. “Mzee, kuna ng'ombe aliyechomwa sindano nyumbani?”

Mzee akatazama viatu vya Gwakisa vinavyong'aa, akatazama majirani waliotega masikio nyuma. “Hakuna, bosi.”

Wa pili akasema hakuna. Wa tatu hakuna. Mama wa nne alijibu hakuna kabla swali halijaisha, huku amekumbatia dumu lake, macho chini. Mashine ikawaka kijani kwa wote.

Hapo ndipo ndoto ilipomfungukia, na aibu ikamchoma. Swali angeweza kulichora hata usiku mzima. Mtu wa kujibiwa ukweli alikuwa amekwisha kumfuta. Akaitupa kalamu, akaruka chini, akakimbilia barabarani akiita, “Mama Subilaga! Mama!” Nyuma yake maziwa yaliendelea kumiminika tangini, kwa sababu mchoro haukuwa na mtu wa kuyasimamisha.