Siku Fagio Alipofukuzwa Kazi

Kwenye kiwanda cha magodoro, wafanyakazi walimwita afisa utumishi wao Fagio. Hawakumwita hivyo mbele yake, lakini alijua, na tusifichane, jina lenyewe alilipenda. Alikuwa na kalamu ya wino mweusi iliyokuwa na kazi moja tu, kusaini barua za kuachisha watu kazi, na akiitoa mfukoni ofisi nzima hukaa kimya. Alikuwa na msemo wake pia: "Mambo yako wazi, tusipoteze muda." Sheria ya kazi aliijua jalada hadi jalada. Ungemwamsha usingizini ukamtajia kifungu, angekusomea mpaka nukta. Kuijua aliijua sana. Kuitumia ndiko kulikokuwa na mushkeli.

Asubuhi ya semina, kabla hajatoka, alisaini barua ya mkata sponji. Huyu alikuwa mtu mpole, kazi yake safi, ila siku iliyotangulia mkurugenzi alikuwa akiwatembeza wateja kiwandani akamkuta amelala fofofo juu ya rundo la vipande vya sponji, mashine imezimwa, mdomo wazi. Mteja mmoja alisema hajawahi kuona tangazo zuri la magodoro kama lile. Mkurugenzi hakucheka.

"Mpe saa kumi zamu ikiisha," Fagio alimwambia katibu muhtasi akimkabidhi bahasha. "Kabla ya hapo asijue chochote, atatuvurugia kazi."

"Sawa, bosi," alisema katibu muhtasi, ambaye hakuwahi kuchelewesha kitu maishani mwake.

Semina ilikuwa ya maafisa utumishi watupu, wamekusanywa kutoka kila aina ya ofisi ili wakumbushwe sheria ya kazi. Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka na nyingine inayotazama. Mwalimu wao alikuwa wakili, mama mfupi mwenye sauti ya kumsimamisha mtu barabarani. Mlangoni aliwavisha beji zisizo na majina wala vyeo, ila mahali mtu anapofanya kazi tu. "Hapa hakuna mheshimiwa," alisema. Basi kukawa na Hospitali, Hoteli, Benki, Shule, na Fagio wetu akawa Magodoro.

Saa mbili za mwanzo zilikwenda kama maji. Mwalimu akiuliza, wote wanajibu. Baba aliyepata mtoto apewe likizo? Apewe! Mfanyakazi aambiwe kosa lake mapema? Aambiwe! Apewe muda wa kujiandaa? Apewe! Aje na mwenzake? Aje! Asikilizwe kabla ya uamuzi? Asikilizwe! Waliitikia kama watoto wa darasa la kwanza wanaoimba irabu.

"Vizuri," akasema mwalimu. "Kumbe mnajua. Sasa tuigize."

Akapitisha bakuli lenye vikaratasi. Hospitali, mama mnene mwenye uso wa huruma, akapata uenyekiti wa kikao cha nidhamu. Hoteli akawa mlalamikaji. Benki akawa wa kuandika. Fagio alipokunjua chake alikuta maneno machache: *Wewe ni mtunza ghala wa kiwanda cha biskuti. Katoni hazionekani.*

"Mtuhumiwa!" ukumbi ukapiga makofi. Fagio akacheka nao. Akasogeza kiti mbele ya meza, akakaa, akajipangia. Yeye si mtu wa kufanya jambo nusunusu. Akamvuta huyo mtunza ghala akilini mpaka akamwona: mtu mzima, funguo kiunoni, hajawahi kula hata biskuti moja bila kuruhusiwa. Funguo ziko seti mbili, na ya pili anayo msimamizi. Hapo Fagio akaamua, bila kumwambia mtu, kwamba yeye hakuiba.

Kikao kikaanza. Hoteli alisema katoni zimepotea, ghala lilikuwa mikononi mwa huyu, ushahidi gani mwingine unatakiwa? Hospitali akatikisa kichwa kwa masikitiko. Benki aliandika kwa kasi ya ajabu, na Fagio alipochungulia akaona ameshafika kwenye neno "kuachishwa".

"Mwenyekiti," Fagio akasema, "naomba nieleze. Funguo za..."

"Utapata nafasi, kaka," alisema Hospitali kwa upole, kisha simu yake ikaita. Akapokea. Akaongea kuhusu magari ya wagonjwa. Alipomaliza, Shule alikuwa amesimama nyuma akinyoosha shingo kuelekea mlango ambako sahani zilianza kugongana.

"Mwenyekiti, seti ya pili ya..."

"Kaka yangu, tunajua una mengi moyoni. Lakini chakula kinapoa." Hospitali akafunga jalada. "Mambo yako wazi, tusipoteze muda. Umeachishwa kazi kuanzia leo. Tunakutakia kila la heri."

Makofi, vigelegele, viti vikasukumwa. Fagio akabaki pale, mkono wake ungali hewani. Maneno yale yalikuwa yake. Alikuwa ameyasema mara nyingi mno, na hakujua kwamba ukiyasikia umekaa upande wa pili wa meza yanauma hivyo.

"Hamkuniuliza!" alisema kwa nguvu.

"Huyu anajua kuigiza!" akasema Hoteli, akimpiga begani. "Twende tukale."

Hakula. Alikaa mbele ya sahani akizungusha kijiko, watu wazima wenzake wakimpita na kumtania: Magodoro, vipi, umepata kazi nyingine? Magodoro, usisahau kurudisha funguo! Alitabasamu kwa meno tu. Alikuwa na hasira, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakujua amkasirikie nani. Hapakuwa na katoni, hapakuwa na ghala, hata hizo biskuti hazikuwahi kuokwa. Lakini angepewa nafasi angesimama juu ya meza aape.

Baada ya chakula mwalimu aliwarudisha kwenye viti. "Kikao chenu kilikosea wapi?" Mikono ikainuka kama msitu. Hakupewa mwenzake! Uamuzi uliandikwa mapema! Mwenyekiti alipokea simu! Kila mtu alijua kila kitu, na Hospitali mwenyewe alitaja makosa yake kwa ufasaha kuliko wote.

"Na wewe, Magodoro?" mwalimu akauliza. "Ulijisikiaje?"

Fagio alisimama. Alikuwa amepanga kusema kitu cha kitaalamu, chenye vifungu. Kikatoka kingine.

"Mwalimu, mimi sikuiba."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Benki alishika meza asianguke. Mwalimu peke yake ndiye aliyemtazama bila kucheka sana.

"Karatasi yangu haikusema uliiba wala hukuiba," alisema. "Niliacha wazi makusudi. Nimefundisha hili somo miaka, na mpaka leo hakuna kikao kilichomuuliza mtuhumiwa kabla ya chakula."

Fagio akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imepita saa tisa. Akilini akamwona mkata sponji akinawa mikono mwisho wa zamu, hana habari, na katibu muhtasi anashuka ngazi na bahasha.

Alitoka nje akapiga simu. Ya katibu muhtasi haikupokewa, na haikupokewa kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyetoa amri simu za wafanyakazi zifungiwe kwenye droo saa za kazi. Simu ya ofisini iliita mpaka ikakata. Fagio hakurudi hata kuaga. Alishuka ngazi mbilimbili, akadaka pikipiki mbele ya duka la miwani.

"Kiwanda cha magodoro! Kimbia, ndugu yangu!"

"Kuna moto?" akauliza mwenye pikipiki.

"Kuna mtu anafukuzwa kazi!"

"Pole sana, mzee," alisema yule, na akakimbia kwelikweli, maana alidhani anayefukuzwa ni abiria wake.

Getini watu wa zamu walikuwa wanaanza kutoka. Katibu muhtasi amesimama pale wima kama mlingoti, bahasha mkononi, na mkata sponji anamjia akijifuta mikono kwenye suruali.

"Ngoja!" Fagio aliita. Tai ilikuwa imepepea mpaka mgongoni. Akainyakua bahasha katikati ya mikono yao.

"Bosi, si ulisema saa kumi?" katibu muhtasi aliuliza, ameumia kidogo. "Ndiyo kwanza inagonga."

"Nilisema. Umefanya vizuri. Sasa nimesema vingine." Akamgeukia mkata sponji, akihema. "Keshokutwa asubuhi uje ofisini kwangu. Ni habari ya kulala kazini. Jiandae, na uje na mwenzako yeyote unayemwamini. Tutakusikiliza."

Mkata sponji alimtazama usoni, kisha akaitazama beji iliyoning'inia kifuani pake. "Kunisikiliza, mzee? Wewe?"

"Mimi," alisema Fagio, na masikio yakamwaka moto.

Nyumbani, wakati wa kula, aliitangazia familia. "Leo nimefukuzwa kazi."

Mkewe aliacha upawa ukazama ndani ya sufuria. "Kazi gani?"

"Ya biskuti. Nilikuwa mtunza ghala. Katoni zimepotea."

Mkewe alimkazia macho, akaona mumewe hana homa, akaokoa upawa wake. "Kwani ulizichukua?"

Fagio aliweka kijiko chini. Siku nzima, katika ukumbi uliojaa wataalamu wa kazi hiyohiyo, hakuna aliyemuuliza swali hilo.

"Sikuzichukua, mama watoto."

"Basi," alisema mkewe. "Lete sahani yako. Baba yenu kaonewa." Kitinda mimba wao akataka kujua biskuti zilikuwa za aina gani, na Fagio, ambaye sasa njaa ilikuwa imemrudia yote kwa mpigo, akamwambia za maziwa.

Mkurugenzi hakupendezwa na kikao. "Nilimwona kwa macho yangu," alisema asubuhi ya siku yenyewe, amesimama mlangoni kwa Fagio. "Cha kusikiliza ni nini hapo?"

"Ulimwona amelala, mkurugenzi. Hatujui kwa nini."

"Watu hulala kwa sababu wana usingizi."

"Inawezekana. Nitamuuliza." Mkurugenzi aliondoka akinung'unika, lakini aliondoka.

Mkata sponji aliingia na Mama Uzi, mshonaji wa foronya mzee kuliko mashine yake, anayejulikana kiwanda kizima kwa mdomo usiokuwa na breki. Fagio alikuwa ameizima simu yake na kuigeuza kifudifudi. Katibu muhtasi alikaa pembeni, ukurasa mbele yake mweupe pe. Fagio akasoma tuhuma taratibu, kisha akasema, "Sasa zamu yako. Tunakusikiliza."

"Ni kweli, mzee," alisema mkata sponji. "Nililala."

Mkono wa Fagio ukaenda mfukoni wenyewe, kwenye kalamu nyeusi, kwa mazoea tu. Mambo yako wazi kabisa sasa, amekiri mwenyewe. Ukafika, ukagusa kifuniko, na Fagio akaurudisha juu ya meza kwa nguvu kama anayemrudisha mtoto mtundu.

"Kwa nini?"

Mkata sponji alimtazama Mama Uzi, Mama Uzi akambinya goti. "Mapacha, mzee. Mke wangu amejifungua mapacha, hata wiki mbili hazijaisha. Mmoja akilala, mwenzake anaamka. Nadhani wamepeana zamu."

"Na mama yao alipasuliwa," Mama Uzi akadakia, "hawezi kunyanyua hata ndoo, huyu ndiye anayefua, ndiye anayepika, ndiye anayebeba mmoja huku na mwingine huku, na hakuna shangazi wala bibi karibu, na anakuja kazini kila siku kwa wakati, mwandike hilo!"

Katibu muhtasi akaandika.

"Mbona hukuomba likizo?" Fagio aliuliza.

"Likizo ya nini, mzee?" Mkata sponji alishangaa kwa dhati. "Aliyejifungua si mimi."

Mama Uzi alicheka, katibu muhtasi akacheka, lakini Fagio hakucheka. Likizo ya baba ilikuwemo kwenye sheria. Alikijua kifungu, alikijua mpaka ukurasa, juzi tu alikiitikia kwa sauti pale ukumbini. Hakuwahi kukitaja kwa mtu yeyote ndani ya kiwanda kile. Ubao wa matangazo nje ya mlango wake ulikuwa na orodha ya makosa na adhabu tu, na aliyeubandika ni yeye. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kushusha macho.

"Nisubirini," alisema. Akavuka korido mpaka kwa mkurugenzi, akamwambia waziwazi kwamba mtu alistahili kuwa nyumbani kwake kwa haki yake, na kwamba kosa la kutomwambia ni la ofisi ya utumishi, yaani lake yeye. Mkurugenzi alikuna kidevu, kisha akauliza kama ni mapacha wa kike au wa kiume.

Fagio alirudi na uamuzi ameuandika kwa kalamu ya bluu. Kwa kulala kazini, onyo la mdomo. Kwa mapacha, likizo yake kamili kuanzia leo. Alikohoa, akanyoosha karatasi, akainua macho.

Mkata sponji alikuwa amelala. Kichwa kimeangukia bega la Mama Uzi, mdomo wazi, anakoroma kidogokidogo.

Mama Uzi alikuwa ameshainua kiganja cha kumzindua. "Mwache," alinong'ona Fagio.

Alikaa. Akaiweka karatasi mezani, akafungua dirisha polepole ili hewa iingie. Hata mkurugenzi alipochungulia mlangoni na kuuliza kikao kimefikia wapi, Fagio aliweka kidole mdomoni.

"Bado," alisema kwa sauti ya chini. "Tunamsubiri mhusika."