Alama Mia na Kumi na Mbili

Wakonyo aliwapigia majirani simu kabla bintiye hajamaliza kusoma matokeo. Alikuwa amechungulia begani kwa Njoki, akaona 112. Kufaulu Kijapani ngazi ya N4 ni 90. Hesabu gani tena ilibaki? Akazima mashine ya kusaga mahindi, akajikung'uta unga, akasimama mlangoni kungoja vigelegele.

Vikaja, vikiongozwa na Mama Munene kutoka ng'ambo ya barabara.

"Mum, waambie wanyamaze," Njoki alisema. "Nimeanguka."

"Umeanguka na mia na kumi na mbili? Hao watu walifundishwa hesabu na nani?"

"Kusoma nimepata tisini na saba. Kusikiliza, kumi na tano. Kusikiliza lazima ufikishe kumi na tisa, hata kama kule kwingine umejaza."

Mama Munene alikohoa. "Munene wetu yuko na tisini na tatu. Amepita."

Wakonyo aliwatazama mmoja mmoja, labda kuna aliyekuwa akicheka. Yeye mwenyewe alisoma chuo pale Nyeri, alama zake zikajumlishwa, akapewa diploma. Hakuna aliyeuliza somo gani lilibeba lingine.

"Ile nyumba ya wazee kule Japani iliyokuahidi kazi, si wanataka cheti Machi?"

"Machi. Na mtihani unarudi Desemba."

"Kwa hivyo kazi imeenda."

"Imeenda, Mum."

Majirani wakaondoka kimyakimya. Kuwaita kulikuwa rahisi kuliko kuwaaga.

"Lakini kusikiliza kuna ugumu gani?" Wakonyo akafoka. "Kila siku nakuona na hivyo vidude masikioni!"

"Hapa, kando ya mashine."

Wakonyo akamsogelea. Akachukua kimoja, akakitia sikioni, akawasha mashine. Mngurumo mtupu. Akaizima. Sauti ya mwanamke ikatokea, nyembamba, ya haraka, kama mtu anayegombana kwa adabu.

"Anasema nini?"

"Anauliza basi linaondoka saa ngapi."

"Na jibu?"

"Sijui. Umenipigia kelele."

Mzee Gatimu akafika na debe lake la mahindi, akaliweka juu ya mizani.

"Rudi saa tisa, Mzee," Wakonyo alimwambia.

"Ati mashine imeharibika?"

"Hapana. Saa nane hadi saa tisa haisagi. Mpaka Desemba."

Gatimu hakuelewa. Wakonyo naye hakuelewa bado jinsi tisini na tatu inavyopita mia na kumi na mbili, lakini alivuta kiti.

"Rudisha huyo mama mwanzo," alisema.