Abiria au Gurudumu

Nimezalisha watoto zaidi ya elfu tatu katika miaka thelathini na minne ya ukunga, na sijaona wenye maneno mengi kama wawili niliowazaa mwenyewe. Nilipostaafu nilijinunulia gari dogo la spoti, la manjano, la viti viwili, fupi kiasi kwamba ukikaa ndani unatazamana na magoti ya watu. Wanangu wakalibandika jina: Kiatu. "Mama, umetoka na Kiatu tena?" Nilizoea. Wanawake wenye uchungu wameniita majina mabaya zaidi.

Binti yangu, mkubwa, anafanya kazi kwenye bima, yaani analipwa kufikiria yatakayoharibika. Mdogo wake tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu tangu baba yao afariki hakuna jambo analoliacha lipite bila kikao. Kikao cha Kiatu kilifanyika sebuleni kwangu, kwenye makochi yangu, wakinywa chai yangu.

"Ukipata pancha je?" akauliza binti. "Uko peke yako, mama. Nani atakusaidia?"

"Mikono yangu."

"Ina miaka sitini na moja hiyo mikono."

Mwenyekiti akatoa uamuzi. Jumamosi niende kwake kula chakula cha mchana, mwendo wa saa moja na nusu, dada yake akiwa shahidi. Nikifika bila kumpigia mtu simu ya msaada, Kiatu kinabaki. Simu ikipigwa, ninamkabidhi funguo, na mnunuzi alishampata. Nilikubali haraka mpaka wakatazamana.

Hawakujua kwamba nilikuwa nimejiandaa. Fundi wa matairi wa mtaani kwetu, mtu mgumu kusifu, alikuwa amenifundisha kazi yote, nami nilifunga geti nikarudia uani kwangu mara kumi na nne. Legeza nati gurudumu likiwa bado chini. Kiatu kimelala mno, jeki haipiti, kwa hiyo kipandishe kwanza juu ya kipande cha ubao. Vaa gurudumu la akiba, ambalo ni jembamba kama la baiskeli. Ukikaza nati moja, inayofuata iwe ya upande wa pili. Kisha pakia lililotoboka, nenda kwa fundi polepole. Mara ya kumi na nne fundi alilikagua gurudumu, akasema, "Si mbaya." Nilirudi nyumbani naimba.

Jumamosi binti alikuja amevaa suti nyeupe. Tulipovuka daraja, katikati ya safari, usukani ukaanza kuvuta kushoto na chini kukawa na mlio wa kitu kinachopigapiga lami. Nikasogea pembeni.

"Lisemwalo lipo," akasema, simu tayari mkononi.

"Rudisha hiyo simu kwenye pochi. Kaweke pembetatu kule nyuma, halafu usimame mbali na barabara."

Nilikunja mikono ya blauzi. Ubao, nati, jeki, nati. Malori yalipita, madereva wakapiga honi, mmoja akanishangilia. Dakika kumi na nane baadaye Kiatu kilikuwa kimesimama kwenye gurudumu lake jembamba, nami nimejaa grisi hadi kwenye viwiko. Sitasema uongo, nilijisikia bingwa.

Binti alikuwa amerudisha pembetatu. "Umejifunza lini haya?"

"Mlipokuwa mnanionea huruma."

Akaingia garini, akafunga mkanda. Nikalinyanyua lile gurudumu bovu, nikafungua mlango wa abiria, na ndani yumo abiria.

Tukatazamana. Nikazunguka hadi kwenye buti. Buti la Kiatu linatosha begi moja na mkate. Kishimo lilimotoka lile jembamba hakikulipokea hili nene. Nililaza, nikasimamisha, nikainamisha. Kifuniko kiligoma kufungika. Nimewahi kugeuza watoto waliokaa kitako tumboni, lakini gurudumu lile halikugeuzika.

"Kwenye mazoezi ulikuwa unaliweka wapi?" akauliza binti.

"Hapo ulipokaa wewe."

Ndipo nilipoona nilichofanya. Mara kumi na nne nilikuwa nimejizoeza safari yangu, na mara zote kumi na nne kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Tangu baba yao aondoke nilijifunza kufanya kila kitu peke yangu, nikajifunza vizuri mno, mpaka sikufikiria kwamba siku moja kungekuwa na mtu. Iliniuma kuliko pancha. Nikakalia gurudumu pale kwenye nyasi, nikatoa funguo mfukoni.

"Mpigie mdogo wako," nikasema. "Nimeshindwa."

Akaitoa simu. Akaitazama, akanitazama mimi na viwiko vyangu, akairudisha kwenye pochi. Kisha akasukuma kiti nyuma hadi mwisho, akapiga mapaja yake meupe kwa viganja.

"Lete."

"Utaharibu suti, mwanangu."

"Mama, lete hilo gurudumu. Chakula kinapoa."

Tukaenda. Gurudumu jembamba halitaki mbio, na mwenda pole hajikwai. Alilikumbatia lile kubwa, kidevu juu ya tairi, na kila tukipita kwenye tuta alitoa sauti kama mwanamke aliye leba ili tu anichekeshe. Nilicheka mpaka nikaona barabara kwa ukungu. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka hivyo.

Mwenyekiti alitupokea getini. Alimtazama dada yake, suti, gurudumu, halafu mimi. "Kulikoni? Mama ameomba msaada?"

Nilifungua mdomo nikiri, maana nilikuwa nimesema nimeshindwa, na niliyasema kwa kinywa changu. Binti akaniwahi.

"Hakuna simu iliyopigwa. Ndiyo sharti lako, ulilitunga mwenyewe. Sasa nipokee hili, miguu imekufa ganzi."

Mwenyekiti akapokea gurudumu, na shati lake nalo likachafuka.

Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, nilikuwa nafuta kioo cha Kiatu niliposikia geti. Binti aliingia na shuka kuukuu nyeusi, imekunjwa vizuri. Hata salamu hakutoa. Alifungua mlango wa abiria, akaisokomeza ile shuka chini ya kiti, akakaa.

"Ya nini hiyo?" nikauliza.

"Ya mapajani," akajibu, akivuta mkanda. "Leo tunakwenda wapi?"