Saa Aliyokufa Baba Ketaki

Kunguru alikaa ukutani, akautazama wali wa maziwa na bajia za dengu kwenye jani la mgomba, akageuza kichwa. Mwaka wa tisa huo. Kila mwaka, siku ya mwezi aliyofia, marehemu hula kwa mdomo wa kunguru. Asipokula, ana kinyongo, na mji mzima wa Wai ulijua ana kinyongo na nani.

"Kaka bado amekununia, shemeji," alisema Vasantrao, mdogo wa marehemu. "Ungepunguza ulimi alipokuwa hai, saa hizi angekuwa amekula, nasi tumeshiba."

Indumati, mjane wa marehemu, alifukuza nzi kwenye wali. Mumewe alipolazwa hospitali mjini Satara alitaka kwenda, Vasantrao akampigia simu: usije, niko naye. Kesho yake akaletewa maiti, na maneno kwamba amefia mikononi mwa mdogo wake, jana saa tatu asubuhi.

Binti yake Ketaki aliingia na bahasha. Alikuwa akifuatilia hati ya nyumba.

"Mama, hospitali wamenipa nakala ya taarifa ya kifo. Mbona wameandika baba alifariki saa mbili kasorobo usiku?"

"Makarani hao," Vasantrao alisema. "Hata wewe wangekuandika mbuzi."

Indumati alifungua sanduku la bati alimotunza vitabu vya falaki vya kila mwaka, akatoa cha mwaka aliokufa mumewe. Kalenda ya ukutani huandika siku ya mwezi iliyopo jua linapochomoza, basi. Kitabu huandika na saa inapokwisha, maana siku ya mwezi huweza kwisha hata mchana. Kidole chake kilishuka kwenye mstari, kikasimama. Siku ya saba ya mwezi unaopungua ilikwisha saa kumi alasiri. Aliyekufa asubuhi ni wa siku ya saba. Aliyekufa usiku ni wa siku ya nane.

Miaka tisa alikuwa akimpikia mumewe siku isiyo yake.

Kitabu kilimponyoka. Hakukiokota.

"Vasantrao. Saa tatu asubuhi ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye."

"Na usiku?"

Akatazama jani la mgomba. "Zamu yangu ya kupimiwa miwa kiwanda cha sukari ilikuwa siku ile, shemeji. Nikamwambia narudi sasa hivi. Foleni ikawa ndefu. Niliporudi walishamfunika."

"Kwa hiyo alikuwa na nani?"

Vasantrao alipanga upya bajia kwenye jani.

"Baba mdogo, mama amekuuliza."

"Hakuna mtu. Saa tatu ndiyo saa niliyomwona hai mara ya mwisho. Nikaitaja hiyo."

Indumati aliketi sakafuni palepale. Kutwa nzima mtu yule alikuwa hai, peke yake, na yeye nyumbani akimenya vitunguu kwa kuambiwa asije. Ketaki alimshika bega. Lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia.

Indumati alisema bila kupaza sauti.

"Ketaki, loweka dengu nyingine. Kesho ni siku ya nane." Akamgeukia Vasantrao. "Mimi sina mtoto wa kiume, kwa hiyo sadaka utaitoa wewe. Saa tatu asubuhi uwe umefika. Na mara hii hutoki hapa mpaka mwisho."