Karatasi ya Chini

Kwa siku tisa mfululizo, fundi cherehani alisimama mbele ya ubao wa matangazo wa Idara ya Ulinzi, akisoma kwa kidole kama alivyofundishwa katika darasa la watu wazima. Yeye na wanawake wenzake kumi na mmoja walikuwa wameomba zabuni ya kushona magwanda elfu mbili. Sharti lilikuwa wazi: mshindi hutangazwa ubaoni, na asipojitokeza ndani ya siku saba, kazi hupewa anayemfuata.

Alisoma zabuni ya viatu, ya mahema, ya kuchimba vyoo. Magwanda, kimya.

"Mama, leo tena?" askari wa getini alimtania. "Tukuajiri uulinde huo ubao?"

"Mvumilivu hula mbivu, mwanangu. Mimi hata mbichi sijaonjeshwa."

Alasiri karani akatoka, akafungua kufuli la kioo, akabandika karatasi mpya juu ya ile ya jana. Hapo ndipo fundi alipouona ukingo wa karatasi hizo, mnene kama daftari. Akainua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akaifikia.

Magwanda elfu mbili. Mshindi: kikundi chao. Siku nane zilizopita.

"Bwana karani, mbona mliificha?"

"Nani kaificha, mama? Ilibandikwa asubuhi."

"Na ya mahema?"

"Asubuhi hiyohiyo, juu yake. Ubao ni mmoja. Utaratibu unasema tangazo libandikwe, na likishabandikwa lisiguswe mpaka siku saba. Hausemi lionekane."

"Na hii ya leo?"

Karani akakohoa. "Ya magwanda. Kapewa wa pili."

Fundi akaziachia karatasi, ya leo ikarudi juu. Akachomoa kilembani penseli ya kuchorea vitambaa na, chini ya jina la huyo wa pili, akaandika polepole, herufi moja moja: *Mshindi wa kwanza amesoma leo. Tangazo lake lilifunikwa.* Akatia sahihi.

"Umeharibu tangazo la serikali!"

"Basi ling'oe."

Karani akanyoosha mkono, akaurudisha. Askari akaangua kicheko. "Ling'oe, mkubwa! Si wewe uliyesema likishabandikwa haliguswi mpaka siku saba?"

Karani akafunga kioo kwa hasira, maandishi yale yakiwa ndani.

"Kesho nitakuja," alisema fundi, "nione utabandika nini juu yake."