Jina Lililopigiwa Chafya

Mtoto wa Nasimiyu alilia kama mtu aliyedhulumiwa. Si njaa, maana alinyonya mpaka mama mtu akahisi kizunguzungu. Si tumbo, maana daktari alimkagua kuanzia utosini hadi nyayoni, akasema huyu ni mzima kuliko mimi ninayemtibu. Alilia tu. Alikuwa akinyamaza kidogo, anavuta pumzi, anakumbuka jambo lake, anaanza upya. Majirani wa mtaa wa Kibomet, mjini Kitale, waliotenganishwa na Nasimiyu kwa ukuta mmoja mwembamba, walianza kwa kumwonea huruma wakaishia kuongeza sauti ya redio.

Na mama mwenyewe hakutulia. Aliosha sahani zilizokuwa safi. Alikunja nguo za mtoto, akazikunjua, akazikunja tena. Alitembea kutoka mlangoni hadi kitandani na mtoto begani, mpaka sakafu ya simiti ikang'aa njia yake.

Kisa chake alikijua, ila hakukisema kwa mtu. Mumewe, Kiptanui, alikuwa Korea. Kiptanui ni mkimbiaji wa marathoni, na kama hujafika Kitale utadhani hilo ni jambo la kujivunia. Hapa kukimbia ni kama kuwa na magoti, kila mtu anayo. Kila alipojaribu kuingia timu ya taifa alimaliza pale nyuma, ambako majina hayasomwi. Kisha akapatikana kocha mmoja Mkorea, mzee mpole wa ukoo wa Son, akamwona, akampenda, akamchukua. Kule akaanza kushinda. Sasa Wakorea walikuwa tayari kumpa uraia akimbie Olimpiki chini ya bendera yao, na kwa kuwa mwenye uraia anapewa na jina la huko, kocha alimkaribisha katika jina la ukoo wake mwenyewe.

"Huku jina la ukoo halichezewi," Kiptanui alimwambia mkewe kwenye simu, sauti imejaa furaha. "Mzee anasema nitakuwa kama mtoto wake wa kuzaa. Jumatatu naweka sahihi. Na huyo wetu pia, ukienda kumwandikisha, muandikishe Son. Hata pasipoti itakuwa rahisi."

"Sawa," alisema Nasimiyu.

Neno hilo lilimkwama kifuani tangu alipolitamka. Hakulitaka, na hakujua la kuweka mahali pake. Angesema nini? Kwamba yeye aliolewa na Kiptanui, wala hamjui huyo Son? Mume ameenda kuwatafutia maisha, halafu wewe uliyeketi nyumbani ulete maneno ya majina. Aliona haya. Kwa hiyo alinyamaza, na mtoto akalia kwa niaba ya wote wawili.

Wa kwanza kuja alikuwa mama yake, Roselyne, kutoka Tongaren. Roselyne ni mama wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya kwanza, mtu ambaye hata chai haipiti kooni mwake bila maombi. Lakini yako mambo ambayo Mbukusu kama yeye hamwendei mchungaji kumuuliza. Alimtazama mjukuu akilia, akaweka kuku wake chini, akasema bila kufikiri mara mbili:

"Hii mtoto inalilia jina. Kuna mtu wetu anataka kuitwa. Mbona hamjamureta nyumbani?"

Wakamchukua mpaka Bungoma, kule Tongaren, kwenye nyumba iliyozungukwa na mahindi. Roselyne akampakata mlangoni na kuanza kuwaita waliokufa, mmoja mmoja, kwa heshima. Akamwita Wangila, baba yake. Mtoto akalia. Akamwita Khisa, aliyekuwa mfua vyuma. Mtoto akalia zaidi, kama aliyetukanwa. Akamwita Mukhisa, ambaye hata akiwa hai hakuwa mtu wa kupendwa sana, kwa hiyo hakuna aliyesikitika alipokataliwa. Ukoo ulipokwisha, Roselyne akafuta jasho.

"Si wetu," alisema, na ilionekana imemuuma kidogo. "Rudisha kwa wenyewe."

Wenyewe ni upande wa Kiptanui. Jumapili, baada ya kanisa, mama mkwe Chepchumba aliteremka kutoka miteremko ya Mlima Elgon hadi Kibomet. Aliletwa na Kipkemei, mdogo wake Kiptanui, kwa gari lake la Probox la kubeba viazi. Chepchumba ni mwanamke mwembamba asiye na haraka. Alikunywa chai yote huku mtoto akipiga mayowe, akasuuza kikombe mwenyewe, ndipo akatoa kikopo cha ugoro mfukoni.

Kwao mtoto haulizwi kwa kilio, anaulizwa kwa chafya. Unamgusisha ugoro kidogo sana puani, mdogo kuliko vumbi la chaki, kisha unawataja wazee waliotangulia. Yule atakayetajwa mtoto akapiga chafya, huyo ndiye amerudi, na mjadala unakwisha hapo.

"Mnisikize," Chepchumba alisema. "Tukianza, hakuna kutaja mtu ovyo ovyo. Na mwenye uhai hatajwi kabisa. Unaweza kumwita kabla siku yake haijafika."

Akaanza. Alitaja babu, na baba wa babu, na yule aliyelima kwanza pale kwao walipohamia. Mtoto alikunja pua, akalia. Alitaja shemeji, akataja wajomba. Hakuna. Nasimiyu alisimama, akaketi, akasimama. Mzee mmoja baada ya mwingine alipita kama abiria asiyeshuka, na kila jina lililokataliwa lilimwongezea hofu ambayo hakuweza kuieleza: kwamba mtoto huyu anajua kuna jina linatoka nyumbani, na ndilo analolilia.

Kipkemei alikuwa amechoka. Ni kijana mzuri, lakini mdomo wake hauna breki, na hapa ndipo alipofanya kosa. Mama yake alikuwa bado ameshika kikopo, shughuli haijafungwa. Yeye akatoa simu.

"Sasa bana, si tujaribu hao wa Korea? Si kaka ameniambia huyu ataandikwa Son? Ukoo wao pia uko na watu wakubwa." Akaanza kusoma, mdomo ukicheka. "Son Heung-min. Huyu ni yule mnoma wa Tottenham, kabla aende Amerika..."

"Huyo amekufa?" Chepchumba aliuliza.

"Hapana, bado anacheza mpira."

"Basi nyamaza. Unataka kumuua mtoto wa watu?"

"Pole. Son Ye-jin." Hata Nasimiyu alimjua huyo, mwigizaji wa filamu za Kikorea ambazo alizitazama wakati wa ujauzito mpaka macho yakawasha. Naye yuko hai. Chepchumba akanyoosha mkono amnyang'anye simu. Kipkemei akaruka nyuma ya kochi. "Ngoja, huyu ameenda kitambo. Son Byong-hi, alidai uhuru wao kutoka kwa Wajapani." Mtoto akalia. "Haya, wa mwisho. Son Kee-chung."

Mtoto akapiga chafya.

Chafya yenyewe ilikuwa ndogo, safi, haina shaka. Kisha akanyamaza. Kule kwa jirani redio ilikuwa ikitangaza bei ya mbolea, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe waliisikia kila neno.

Kipkemei alishusha simu polepole. "Mimi nilikuwa natania," alisema.

"Ugoro hautanii." Chepchumba alikuwa amekodoa macho. Alimgusisha mtoto ugoro tena, akarudi kumtaja babu. Kimya. Akamtaja mjomba. Kimya, macho yamefunguka, yanatazama paa. "Mwite tena huyo wako."

"Son Kee-chung."

Chafya.

Mama mkwe akafunga kikopo. Kwa jinsi alivyokifunga, Nasimiyu alijua hatakifungua tena. Chafya imepigwa, mtoto ameshapata mtu wake, hata kama mtu huyo hakuwahi kula ugali.

"Sasa niambie," Chepchumba alimgeukia mwanawe, "huyu ni nani amekuja kwa nyumba yangu? Na kwa nini unasoma huo ukoo?"

Swali la kwanza ndilo lililokuwa rahisi. Kipkemei akasoma, safari hii bila kucheka. Son Kee-chung alikuwa mkimbiaji wa marathoni. Mwaka 1936, Berlin, alipata dhahabu ya Olimpiki. Lakini wakati huo Wajapani walikuwa wameitawala nchi yake, kwa hiyo alikimbia kwa jina la Kijapani, na bendera ya Japani kifuani. Alipopanda kupokea medali hakuitazama bendera. Aliinamisha kichwa, na ule mche wa mwaloni aliopewa akauinua kifuani kuifunika. Watu walipomwomba sahihi aliandika jina lake kwa Kikorea. Alikufa mwaka 2002, mzee sana.

"Alilia jina lake," Chepchumba alisema.

"Haijaandikwa alilia."

"Si umesoma mwenyewe."

Hapo Nasimiyu hakuweza tena. Swali la pili alilijibu yeye, akiwa amesimama, mtoto kifuani, maneno yakimtoka yamepindana: kwamba kesho Jumatatu Kiptanui anaweka sahihi, kwamba atakuwa Son, kwamba mtoto naye, kwamba yeye alisema sawa.

Chepchumba akarudisha kikopo mfukoni. Alipozungumza hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Huyo kijana alizaliwa hana pumzi. Mkunga alishamfunika na kitenge. Mimi nikamfunua nikamwita. Nikamwita, nikamwita, mpaka akavuta hewa. Kwetu mtoto akizimia halafu arudi, ndiyo anaitwa Kiptanui. Hiyo jina sikuchagua juu ni nzuri. Ni ile kitu ilimtokea." Akatazama mikono yake. "Nipigieni yeye."

Nasimiyu akapiga. Kule Korea giza lilishaingia, na Kiptanui alikuwa amelala apumzishe miguu. Alipoambiwa habari ya chafya alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza jina lenyewe, na kicheko kikapungua.

"Huyo mzee picha yake iko ukutani, pale tunapofanyia mazoezi. Kila asubuhi tunampita. Ameinama hivi."

"Unajua kwa nini ameinama?"

"Nilifikiri ni uchovu."

Akamweleza. "Pengine kocha alituambia," alisema Kiptanui. "Kikorea changu bado ni cha kuombea maji." Kisha akajikaza. "Lakini Nasimiyu, si kitu kimoja. Yeye alilazimishwa. Mimi hakuna mtu ananilazimisha. Mzee ananipa kwa roho safi. Hapo nyumbani nilikuwa nani? Kitale nikikimbia hata mbwa hageuki. Huku nikipita watu wanasimama."

"Najua."

"Si ulisema sawa?"

"Nilisema, na tangu siku hiyo sijakaa kwa kiti dakika tano." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Nilikudanganya. Si sawa. Naogopa. Naogopa utashinda, watakuita, na mimi nitakuwa hapa kwa televisheni nikijiuliza nani huyo ameshinda. Kimbia huko, kaa huko, kula vyao, sikukatazi. Lakini mimi niliolewa na Kiptanui."

Kiptanui alikuwa mtu mwema, na mtu mwema akibanwa pande mbili hukosa hata la kudanganyia.

Chepchumba akanyoosha mkono, akapewa simu. Hakuiweka sikioni. Aliishika mbele ya mdomo wake kwa mikono miwili, karibu, jinsi unavyomshika mtoto mchanga unapotaka akusikie wewe peke yako.

"Kiptanui," aliita.

Kimya.

"Kiptanui."

Kipkemei alitoa mikono mfukoni. Mtoto alikuwa macho, ametulia, kama mtu aliyefikishwa mahali na sasa anasubiri mwenzake afike. Chepchumba akaita tena, taratibu, bila kubembeleza na bila kukaripia, sauti ileile, na Nasimiyu akaelewa kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa siku ile ya kitenge, na kwamba mwanamke huyu ataita mpaka kesho ikibidi.

"Kiptanui."

Upande wa pili wa simu pumzi ikavutwa kwa kishindo.

"Niko, mama."

Chepchumba akamrudishia Nasimiyu simu. "Ameitika," alisema, akaanza kutafuta viatu vyake.

Kiptanui alikuwa analia, wala hakuficha. "Sijui mzee atasema nini," alisema. "Labda kesho ndiyo mwisho wangu huku. Lakini nitamwambia hilo jina lake sisi tumelipokea, na limeshapata mtu, ni mtoto wetu; mimi nabaki Kiptanui."

"Mwambie anaendelea vizuri," alisema Nasimiyu. "Mwambie amelala."

Na kweli mtoto alikuwa amelala. Nasimiyu akavuta kiti, akaketi.